Keki ya musi ya chokoleti na matunda: jelatini, chaina grasi au krimu tupu?

Nafsi Tamu
Wakuu, habari za jioni. Nataka kutengeneza keki ya musi (ile laini ya krimu iliyopigwa) nyumbani, tabaka tatu: chini sponji ya kakao, katikati musi ya chokoleti, juu musi ya tunda. Tunda sijajua niweke embe, pasheni au nanasi. Na cha kugandishia je, jelatini, chaina grasi (ile ya mwani), au nipige krimu tu mpaka isimame? Dukani nimeona krimu ya maziwa na ile ya mimea ya pakti, bei haziko pamoja hata kidogo. Nanunua vitu kesho.

Mzee wa Oveni
Dada, hujasema uko wapi, watu wangapi, inaliwa saa ngapi, na kama una friza au friji tu. Bila hayo kila mtu atakujibu kwa jiko lake. Wa Njombe na wa Tanga hawawezi kupewa jibu moja.

Mama Tunu
Na walaji ni kina nani? Jelatini nyingi inatokana na ngozi ya nguruwe. Kama kuna Waislamu tafuta ya ng'ombe au ya samaki yenye alama ya halali, usiridhike na kuambiwa na muuzaji.

Vanila wa Nyali
Embe, dadangu, wala usiulize mara mbili. Chukua boribo lililoiva, saga, chuja nyuzi. Nusu kilo ya rojo, krimu mililita 400, jelatini ya unga gramu 12. Jelatini uiloweke kwa maji baridi mara tano ya uzito wake, ikishavimba uiyeyushe kwa moto mdogo, isichemke. Kisha ichanganye na rojo kidogo lenye uvuguvugu, ndipo umimine kwenye rojo lote. Krimu iingie mwisho, ukunje taratibu kwa mwiko mpana. Krimu yenyewe usiipige hadi iwe ngumu; ikilegea kidogo ndiyo musi huwa laini.

Shangazi wa Kigamboni
Nimesoma neno nanasi nikashtuka. Ngojeni niwasimulie.

Sendi-ofu ya binti wa wifi yangu. Kamati tukamlipa mpishi mmoja, jina nalihifadhi, atutengenezee keki za musi ya nanasi na chokoleti. Picha alizotuonyesha simuni zilikuwa za kutamanisha. Siku yenyewe keki zikaja kwenye gari lenye kiyoyozi, maboksi meupe, riboni. Mshereheshaji akapanda, akaita wazazi wa pande zote mbili, muziki ukapigwa, watu na simu zao juu. Boksi la kwanza likafunguliwa. Tabaka la juu halikuwepo! Lilikuwa limeshuka lote pembeni, juisi ya njano inachuruzika mpaka kwenye kitambaa cha meza, vipande vya nanasi vimelala juu ya chokoleti. Tukafungua la pili, yale yale. Wifi yangu akasema labda ni mtindo mpya. Mshereheshaji naye, badala ya kunyamaza, akatangaza kwamba keki ya leo inanyweka. Upande wa bwana harusi wakacheka mpaka leo. Mpishi alipopigiwa akasema tumeiweka juani, wakati ilitoka garini moja kwa moja mezani. Hela hatukurudishiwa.

Kwa hiyo dada, nanasi hapana.

Daktari Sukari
Shangazi, jua halikuhusika. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini, kazi yake kukatakata protini, na jelatini ni protini. Hata ukiiweka friji usiku kucha haigandi, au inaganda kidogo halafu inaachia. Papai na kiwi vilevile. Dawa ni kulichemsha nanasi dakika chache kabla, au kutumia la kopo, maana lile limeshapikwa. Pasheni haina tatizo hilo.

Shangazi wa Kigamboni
Kumbe! Na yule mpishi alitugombeza sisi.

Kaskazi
Ndiyo maana huku Unguja tunatumia chaina grasi. Haina nguruwe, haina ng'ombe, ni mwani. Nanasi bichi haliidhuru, kwa sababu si protini. Na ikishaganda haiyeyuki mpaka uipashe joto la karibu nyuzi 85. Utaiacha mezani mchana kutwa isitikisike.

Vanila wa Nyali
Kaskazi, kwa pudini ya maziwa nakubali, nimelelewa nayo. Kwa musi hapana. Chaina grasi lazima ichemke, na huanza kuganda ikifika kama nyuzi 35 hadi 40. Ukiimimina kwenye krimu ya baridi inashikana papo hapo, unapata vipunje. Halafu inakatikakatika mdomoni, haiyeyuki ulimini. Itumie kwa tabaka la jeli juu kabisa, hapo itapendeza.

Kaskazi
Vipunje ni vya mwenye haraka. Rojo liwe na uvuguvugu, krimu isitoke friji saa hiyo hiyo.

Bwana Ugali
Hivi huo mwani ni ule wa kina mama wa Paje na Jambiani? Tuna pwani nzima halafu tunanunua pakti za nje.

Daktari Sukari
Hapana mkuu. Unaolimwa Zanzibar, spinosamu na kotoni, hutoa karajinani. Agari, ambayo ndiyo chaina grasi, hutoka kwenye mwani wa jamii nyingine. Karajinani nayo hugandisha, hasa vitu vya maziwa, ila vipimo vyake ni vingine.

Bwana Ugali
Ni yale yale ya kakao. Inalimwa Kyela, chokoleti tunanunua ya Ubelgiji.

Mzee wa Oveni
Tusitoke nje ya mada. Mwenye mada mwenyewe yuko wapi?

Nafsi Tamu
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Niko Mbagala. Ni kipaimara cha mwanangu Jumamosi hii, watu kama 40, nyumbani uwanjani chini ya turubai. Wakwe zangu baadhi ni Waislamu. Nina friji ndogo ya mlango mmoja, ile yenye kisehemu cha barafu juu. Umeme kwetu mnaujua. Keki itakatwa baada ya chakula, saa tisa hivi.

Mzee wa Oveni
Turubai. Saa tisa. Mbagala, Desemba. Dada, hayo ndiyo ungeanza nayo! Jelatini huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 30, na chini ya turubai ni zaidi ya hapo. Achana na musi, piga keki ya chokoleti ya kawaida, paka ganashi (chokoleti iliyoyeyushwa na krimu), embe lipange pembeni. Watu 40 hawatauliza musi iko wapi.

Vanila wa Nyali
Mzee, mtu kaomba musi wewe unampa mkate. Afanye tabaka la chokoleti bila jelatini kabisa. Chokoleti nyeusi gramu 200 kwa krimu mililita 400 inajigandisha yenyewe kwa siagi ya kakao. Jelatini abaki nayo kwenye embe tu.

Mama Tunu
Asome pakti lakini. Ile ya bei rahisi ya kupikia ina mafuta ya mawese mahali pa siagi ya kakao. Inaganda, tena vizuri, ila ukila unabaki na utando kwenye kaakaa. Na krimu ya mimea ni hivyo hivyo.

Jiko Moja
Mama Tunu, kwa heshima zote, krimu ya mimea ndiyo imeokoa biashara yangu. Ya maziwa yenye mafuta asilimia 35 ukizidisha kupiga kidogo tu imekuwa siagi, na kwa joto la Dar inamwaga maji. Ya mimea nimeipeleka hadi Chalinze ikafika imesimama. Asiyeipenda aje apeleke oda zangu.

Mama Tunu
Kusimama si utamu, mwanangu. Hata saruji inasimama.

Jiko Moja
Nachanganya nusu kwa nusu, mama. Ya mimea ina sukari tayari, kwa hiyo kwenye embe hupunguzi chochote ila sukari.

Bwana Ugali
Na mayai? Nimeona Wafaransa wanaweka mabichi.

Daktari Sukari
Kwa watu 40 kwenye joto, mayai mabichi aachane nayo kabisa. Krimu inatosha.

Jiko Moja
Nafsi Tamu, sikiliza. Kopo la keki la sentimita 23 linatoa vipande 12 hivi, kwa hiyo unahitaji keki tatu au nne. Friji ya mlango mmoja haziingii hizo. Weka kwenye vikombe vidogo vya plastiki vyenye vifuniko: sponji, chokoleti, embe. Vipange kwenye deli lenye barafu, utoe wakati wa kula. Hakuna kukata, hakuna kuanguka.

Nafsi Tamu
Mtoto anataka kukata keki apigwe picha.

Jiko Moja
Atakata moja ndogo, wageni wale vikombe.

Mzee wa Oveni
Au akate yangu ya ganashi.

Shangazi wa Kigamboni
Mkipata mtu wa kukodisha deli kubwa mniambie na mimi, nina shughuli mwezi ujao.

Kaskazi
Mimi ninalo deli, lilikuwa la samaki. Limeoshwa kwa ndimu.

Mama Tunu
La samaki? Krimu inavuta harufu kuliko kitu chochote. Wewe tuachie chaina grasi yako tu.

Kaskazi
Ndimu zilikuwa nyingi, Bi Tunu.

Nafsi Tamu
Jamani deli la samaki nimeliomba mimi? Nimepata jelatini ya ng'ombe Kariakoo, kuhusu vikombe bado nazungumza na baba mtoto. Niambieni basi, chokoleti nyeusi ya kakao asilimia 55 au 70? Zote zipo.

Vanila wa Nyali
Ya 55. Watoto wengi pale, ya 70 wataitema.

Daktari Sukari
Ya 70 inaganda imara zaidi, na embe lina sukari yake.

Jiko Moja
Usinunue yoyote kabla hujapima friji.