Ulinganisho: VPN ipi inafaa ofisi ndogo ya Kampala yenye makarani mpakani?

Mhasibu wa Ntinda aliandika:

Ndugu zangu, salaam. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha iko Ntinda, ina seva moja ya Windows inayobeba programu ya hesabu pamoja na mafaili ya wateja, na tuna makarani wawili Malaba, mpaka wa Kenya, na mmoja Mutukula, mpaka wa Tanzania. Hadi leo karani akihitaji ankara ananipigia simu, nainuka, naitafuta, naipiga picha na kumtumia kwa WhatsApp. Siku ya malori mengi kazi hiyo hunimalizia asubuhi yote. Fundi aliyekuja wiki iliyopita alitaka kufungua poti 3389 (mlango wa kuitumia Windows ukiwa mbali) kwenye ruta ili kila mtu aingie kwenye seva kutoka popote alipo, nami nikamwomba asubiri kwanza niulize. Nimesoma juu juu kuhusu VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kuufikia mtandao wa ofisi kutoka mbali: OpenVPN, WireGuard, Tailscale na ile L2TP ambayo tayari imo ndani ya Windows. Ipi inatufaa? Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu, si wa mitandao.

Nitangulize jambo moja: sizungumzii VPN ya kukwepa kodi, kama tulivyofanya wengi Julai 2018 ilipokuja ile ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Bosi wangu alipolisikia neno VPN alidhani naleta magendo ofisini, na kwa wakala wa forodha hilo si neno la utani.

Fundi Ruta alijibu:

Ulifanya vyema kumzuia. Poti 3389 ikiachwa wazi kwa dunia nzima, programu za wahuni zinazozunguka intaneti zikijaribu maneno ya siri huifikia upesi sana, na mlango huo ndio ambao wasimbaji wa mafaili wanaodai fidia wameutumia mara nyingi.

Kabla ya kulinganisha chochote, angalia anwani yako. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni) iliyo upande wa mtoa huduma, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kutambua anwani. Zikifanana, una anwani ya umma. Zikitofautiana, hasa ikiwa ile ya kwenye ruta inaanzia 100.64 hadi 100.127, au inaanza na 10, basi mtoa huduma amewakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo hata ukifungua poti zote kwenye ruta yako, hakuna mgeni atakayekufikia, kwa sababu lango halisi liko kwake na halijui mzigo unaoingia ni wa mteja gani. Nimeona watu wakimaliza siku tatu wakihangaika na mipangilio ya WireGuard iliyokuwa sahihi tangu dakika ya kwanza.

Mhasibu wa Ntinda:

Nimeangalia. Ya kwenye ruta inaanza na 100.72, na ya kwenye tovuti ni tofauti kabisa. Mtoa huduma anasema anaweza kunipa anwani ya kudumu kwa malipo ya ziada ya kila mwezi.

Mzee wa Linux:

Basi una njia mbili, kulipia anwani hiyo au kutumia kitu ambacho ofisi yenyewe ndiyo huanzisha muunganisho kwenda nje. Nitaanza na programu zenyewe.

L2TP haitanichukua muda. Ofisi nyingi huiweka na neno moja la siri la pamoja kwa watumiaji wote, hivyo karani mmoja akiacha kazi inakubidi ulibadilishe kwa kila aliyebaki. Tena simu za Android kuanzia toleo la 12 haziruhusu kuunda muunganisho mpya wa aina hiyo. Fundi akikutajia PPTP, aina ya VPN ya zamani, mshukuru na umwage: mwaka 2012 ilionyeshwa hadharani kwamba ulinzi wake unaweza kuvunjwa ndani ya siku moja.

OpenVPN ipo tangu 2001 na bado ninaiheshimu. Kwa kawaida hutumia poti 1194 ya UDP (utumaji wa haraka usiosubiri uthibitisho), na ikilazimika huhamia TCP 443 (TCP husubiri uthibitisho), poti ileile ya tovuti salama, kwa hiyo hupita katika mitandao ya hoteli na taasisi ambako nyingine hukwama. Usumbufu wake ni vyeti, yaani mafaili ya kuvitambulisha vifaa, kwa sababu kila kifaa kina chake, seva ina chake, na vyote vina tarehe ya mwisho. Niliwahi kuitwa Mbale siku ya Jumapili na ofisi iliyoamini kwamba intaneti imekufa, kumbe cheti cha seva kilikuwa kimeisha muda usiku wa kuamkia siku hiyo.

WireGuard iliingizwa kwenye kiini cha Linux, toleo la 5.6, Machi 2020. Ina mistari takriban 4,000 tu ya msimbo, na mipangilio ya karani mmoja haizidi mistari kumi na miwili: ufunguo wake, ufunguo wa umma wa ruta, anwani ya ofisi, na mitandao anayoruhusiwa kuifikia. Karani akiondoka unafuta ufunguo wake na wengine hawajui hata kama kuna lililotokea. Isitoshe, haimjibu kabisa mtu asiye na ufunguo inaoutambua, kwa hiyo anayepapasa kutoka nje haoni kitu. Upungufu wake ni kwamba hutumia UDP pekee, na haina maneno ya siri wala orodha ya watumiaji. Simu ikiibwa, ufunguo umeibwa nayo mpaka uufute.

Karani wa Malaba:

Mimi ni karani wa ofisi nyingine, nipo upande wa watumiaji, nami naomba nitoe ushuhuda. Hapa mpakani simu hurukia mtandao wa Kenya ukiwa umekaa palepale kwenye kiti, kisha hurudi wa Uganda bila kukuomba ruhusa. Tulipokuwa na OpenVPN, kila mruko ulikata muunganisho, na kila mara nilianza upya huku dereva amesimama dirishani. Tangu tuhamie WireGuard, picha huganda kwa sekunde chache kisha huendelea.

Mzee wa Linux:

Bila shaka yenu ilikuwa juu ya TCP, Ndugu Karani. Matoleo mapya ya OpenVPN yakitumia UDP yanaweza kustahimili anwani kubadilika. Hata hivyo nakubali kwamba WireGuard hufanya hivyo bila kuombwa.

Dada wa Arua:

Mbona mnamtwisha mhasibu mzigo wa fundi? Tailscale inatumia WireGuard hiyohiyo ndani yake, haihitaji anwani ya umma, wala hugusi ruta. Unaiweka kwenye seva na kwenye kompyuta za makarani, mnaingia kwa akaunti ya Google au ya Microsoft, na vifaa hutafutana vyenyewe. Vikishindwa kufikiana moja kwa moja, data hupitia seva za kati ikiwa bado imesimbwa, na funguo za siri hazitoki kwenye vifaa vyenu. Kwetu niliimaliza kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Ninachokiri ni kwamba mnategemea kampuni ya ng'ambo kuwatambulisha, na akaunti ya msimamizi ikitekwa, aliyeiteka anaweza kujiongezea kifaa chake. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili.

Ipo pia njia ya kukodi seva ndogo nje na kuifanya kituo cha kukutania. Kama ni hivyo iwe Nairobi, si Ulaya. Ankara inayotoka Ntinda kwenda Malaba ikizungukia Ulaya huongezewa zaidi ya milisekunde 100 kila inapokwenda na kurudi, na makarani wataanza tena kukupigia simu.

Fundi Ruta:

Mawili ambayo hayajatajwa. Kwanza, kama mtandao wa ofisi ni 192.168.1.0, ubadilishe sasa. Karani akiunganishwa na ruta ya nyumba ya wageni yenye namba hizohizo, kompyuta yake itaitafuta seva yako humo ndani ya nyumba ya wageni. Pili, na hili ndilo kubwa: karani asifungue faili la programu ya hesabu kupitia VPN kana kwamba lipo kwenye kompyuta yake. Mtandao ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Dawa ya kawaida ni kuingia kwenye seva kwa eneokazi la mbali, ambapo programu huendeshwa kwenye seva na karani huona picha yake tu, lakini Windows Server bila leseni za ziada huruhusu wasimamizi wawili tu kwa wakati mmoja, nawe una makarani watatu ambao hawapaswi kuwa wasimamizi. Kwa kuwa wanachohitaji ni ankara, watengenezee folda moja ya PDF waisome bila kuweza kubadilisha kitu. Hilo pia litakusaidia siku ukiulizwa umelindaje taarifa za wateja chini ya sheria ya 2019 ya ulinzi wa data.

Mhasibu wa Ntinda:

Nawashukuru. Nilielekea kwa Dada wa Arua, ila bosi amekubali kulipia anwani ya kudumu aliposikia kwamba kwayo ataweza kuangalia kamera za ghala akiwa nyumbani. Basi tumeweka WireGuard kwenye ruta ya MikroTik, baada ya kuupandisha mfumo wake hadi RouterOS 7. Makarani wa Malaba walipata ankara mara ya kwanza. Wa Mutukula aliunganishwa, lakini faili kubwa lilisimama katikati.

Fundi Ruta:

Ukubwa wa pakiti huo. Punguza MTU, kikomo cha ukubwa huo, kwenye mipangilio yake kutoka 1420 hadi 1280, ajaribu tena.

Mhasibu wa Ntinda:

Limepita. Sasa tumebadilisha namba za mtandao wa ofisi kama ulivyoagiza, na printa imetoweka kwa kila mtu.

Fundi Ruta:

Anwani yake iliandikwa kwa mkono siku iliyonunuliwa. Nenda kwenye kioo chake kidogo, sehemu ya mtandao, uirudishe ipewe anwani na ruta, halafu uifunge namba hiyo kwenye ruta yenyewe.