Nani kasema hatutaki manyuo? Saluni za spoti, zile gari za milango minne zenye injini kali, zinauawa makusudi

Wakuu, uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha.

Mwaka jana nilimpa wakala mmoja hapa Dar kazi ya kunitafutia Toyota Altezza RS200 ya gia sita, manyuo, yaani gia za mkono na klachi. Nilimwambia kwa mdomo, nikaandika kwenye meseji, siku ya kulipa nikarudia tena. Nikaomba karatasi ya mnada, maana wanaoagiza Japani wanajua: pale kwenye gia ukikuta F6 ni manyuo ya gia sita, ukikuta AT ni oto, hakuna mjadala. Nikatumiwa picha za rimu. Nikatumiwa picha za taa za nyuma. Karatasi ikawa "inakuja". Gari ikashuka bandarini, nikafungua mlango, nikainama kuangalia chini ya usukani. Pedeli mbili: klachi hakuna, ni oto.

Wakala hata hakushtuka. Akanionyesha vitufe kwenye usukani: "Si hivi hapa bosi, gia unapanga mwenyewe." Nilipogoma kuichukua akanijibu neno ambalo mpaka leo linaniuma kuliko hela niliyorudishiwa kwa mafungu miezi kadhaa: "Manyuo ni za daladala na Fuso. Gari ya heshima ni oto."

Kilichonifanya niandike ni kwamba hata watengenezaji wakubwa wanasema neno lilelile, ila wao wanalisema kwa lugha ya soko: eti manyuo hazinunuliki.

Chukueni BMW M5. Toleo lile la E39, lililotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2003, V8 ya lita 4.9, nguvu za farasi 400, lilikuja na gia sita za mkono tu. Oto haikuwepo kwenye orodha. Gari ya mkurugenzi, viti vya ngozi, milango minne, na klachi. Hakuna aliyesema ni gari ya daladala. 2005 likaja toleo la E60 lenye V10 ya farasi 507, wakaiwekea SMG, giaboksi isiyo na pedeli ya klachi. Wamarekani wakalalamika, wakatengenezewa ya gia sita za mkono. F10 iliyofuata, hivyohivyo: manyuo ikauzwa Amerika Kaskazini tu. Sisi wa usukani wa kulia hatukupata hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo kwetu M5 ya manyuo ilikwisha 2003, na hakuna aliyetuuliza. F90 ilipotoka 2017 hata Wamarekani wakanyimwa. Hii mpya ya 2024 ina injini, mota ya umeme, farasi 727 na uzito unaokaribia tani mbili na nusu. Klachi usiitafute.

Halafu wanasema hazinunuliki. Zitanunulikaje? Angalieni M3 ya sasa, G80. Ilipotoka, ukitaka gia za mkono ulipewa ile ya farasi 480. Ukitaka ya farasi 510, Competition, ilikuwa oto tu. Uingereza, nchi ya usukani wa kulia yenye watu wanaoipenda kazi ya klachi, ile ya manyuo haikupelekwa kabisa. Alfa Romeo nao Giulia Quadrifoglio ya gia za mkono waliitengeneza ya usukani wa kushoto peke yake. Audi RS4 ya B7, V8 inayozunguka mpaka elfu nane na zaidi, ilikuwa manyuo tupu. Iliyoifuata ikawa S tronic tupu, oto ya Audi isiyo na pedeli ya klachi. Mnunuzi hakupewa hata nafasi ya kuchagua. Unaficha chakula jikoni, unatoka sebuleni kutangaza kwamba wageni hawana njaa.

Na ile hoja kwamba manyuo haibebi torki kubwa, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, naomba isiletwe humu. Cadillac CT5-V Blackwing ina V8 ya lita 6.2 yenye supachaja, farasi 668, torki karibu Nm 900, na inatoka kiwandani na gia sita za mkono. Oto ndiyo unayoongezea hela. M5 F90 ilipoanza ilikuwa na Nm 750. Kubeba inabeba. Waliamua tu.

Kuhusu kasi, nakubali. Oto ya gia nane ya kampuni ya ZF inabadili haraka kuliko mkono wangu na wa kwako. Lakini anayenunua saluni ya spoti kwa ajili ya sekunde peke yake ni nani?

Nimeshuka mteremko wa Kitonga na Toyota Mark II iR-V ya kaka yangu, ile ya injini ya 1JZ na gia tano za mkono, tukitokea Iringa. Malori yamepanga foleni mbele, kona inajifunga. Unakanyaga breki kwa upande wa dole gumba, ubavu wa mguu huohuo unagusa mafuta, mkono wa kushoto unaivuta kutoka ya nne kwenda ya tatu, unaachia klachi, na gari haitikisiki. Injini inaishika gari, mlio unapanda mara moja na kutulia. Shemeji alikuwa nyuma amelala na mtoto, hawakugeuza hata shingo. Kilometa chache za mteremko, na breki chini hazikunuka. Nimeshuka palepale na Mark X ya oto. Msiniambie niweke S, pale unapopanga gia mwenyewe, niliiweka. Unaiomba gia, kompyuta inafikiria, ikiona haifai inakukatalia. Gari nzuri, imetulia, lakini unakaa ndani yake kama abiria mwenye usukani.

Linalotuhusu moja kwa moja ni hili: sisi tunaendesha maamuzi ya watu ya miaka kumi, kumi na tano nyuma. Mark II iliisha 2004, ikaja Mark X, na kwa miaka yote 15 mpaka ilipofungwa 2019 ilikuwa oto, isipokuwa zile GRMN, toleo maalumu la spoti, za gia sita za mkono: 100 za 2015 na 350 za 2019. Gari 450, basi, na zote wamezikumbatia Wajapani. Altezza iliisha 2005, iliyokuja baada yake Japani ikaitwa Lexus IS, oto. Maana yake Altezza changa kuliko zote imepita miaka 20. Ukiiagiza leo ushuru wa uchakavu unakusubiri, na huko mnadani unashindana na Wamarekani, ambao sheria yao inawaruhusu kuingiza gari ikifikisha miaka 25. Za 1998 zilifikisha 2023. Bei tumeziona wote.

Na sisi wenyewe tunamalizia. Mwezi uliopita nimekuta gereji moja iR-V ipo juu ya mawe, giaboksi imeng'olewa na kuuzwa, fundi anaiwekea oto kwa sababu mwenye gari kachoka na foleni ya Mwenge. Foleni inachosha, sibishi. Lakini ndugu yangu, si ungeiuza nzima? Kuna mtu angeichukua siku hiyohiyo, klachi ikiwa imekwisha na yote.

Bado naitafuta. Mwenye Altezza RS200 ya gia sita, injini yake ileile ya 3S, haijabadilishwa giaboksi, aje PM (ujumbe wa faragha). Rangi yoyote, hata bodi ikiwa imechoka. Picha ya kwanza naomba iwe ya pedeli.