Tikolo anatundika gongo: tupeane kumbukumbu

Mtu wa Mvita: Wadau, salaam. Jumapili pale Kolkata, India, Zimbabwe wameilaza Kenya yetu kwa mbio 161 (mbio ndizo alama za kriketi), na Kombe la Dunia la kriketi 2011 limetuishia bila ushindi hata mmoja. Hayo nimeyameza. Yaliyonitoa machozi ni kumwona mpigaji wetu Steve Tikolo akivua pedi za miguuni mara ya mwisho katika Kombe la Dunia. Kombe la Dunia mara tano, tangu 1996, na kwa miaka mingi yeye ndiye nahodha. Mwenye kumbukumbu naye aiweke hapa.

Tononoka: Januari 2007, Scotland na Canada walipokuja Mombasa Sports Club. Nilipenda alivyokuwa akiwapanga watu uwanjani. Hapigi kelele. Kidole tu, mchezaji anasogea.

Kisauni Juu: Kweli kabisa.

Binti Majengo: Yangu ni nusu fainali ya Kombe la Dunia pale Durban, sisi na India, 20 Machi 2003. Jumapili hii ilikuwa tarehe ile ile, miaka minane kamili! Sasa siku ile alfajiri mabomu yalikuwa yameanza kuanguka Baghdad. Mkahawa wa jirani yetu una televisheni moja. Nusu ya watu wanataka Baghdad, nusu wanataka Durban. Ganguly, nahodha wa India, anatuchapa, mbio 111 bila kutolewa, India wakafika 270. Kila ova (mipira sita) ikiisha mtu anageuza stesheni. Mzee mmoja mwenye jamaa zake Basra akaichukua rimoti akaikalia. Watu wakashikana kanzu, birika la kahawa likamwagika, vikombe chini. Babangu, mtu ambaye nyumbani hakuwa na sauti ya juu, akapanda kwenye benchi: "Mwacheni mzee aone habari za watu wake. Lakini akiingia Tikolo, mniwekee mchezo wangu." Ikawa hivyo. Tikolo alipoingia, yule mzee mwenyewe ndiye aliyegeuza. Kapteni akapiga 56, huku wenzake wanatoka mmoja mmoja upande wa pili. Alipotolewa, babangu akamrudishia mzee rimoti kwa mikono miwili. Tukaishia 179. Baba ametangulia mbele ya haki, na Jumapili nilimtafuta pembeni yangu nimwambie.

Likoni Kwetu: Allah amrehemu. Na yule mzee, jamaa zake wa Basra walisalimika?

Binti Majengo: Barua ilifika baada ya miezi. Walikuwa hai.

Tudor: Alhamdulillah. Nimesoma na mwili unasisimka.

Nyali Pwani: Poleni, lakini tuseme ukweli, nusu fainali tulibebwa. New Zealand walikataa kuja Nairobi, tukapewa pointi za bure.

Kisauni Juu: Waliogopa kwa sababu ya bomu la hotelini Kikambala, huku kwetu Pwani, Novemba 2002. Sisi tuliokufiwa ndio tuhesabiwe tumebebwa? Na Sri Lanka je? Walikuja Nairobi 24 Februari, tukawalaza kwa mbio 53, Collins Obuya akachukua wiketi tano, yaani akawatoa wapigaji watano. Hiyo nayo tulipewa?

Nyali Pwani: Ile nakubali.

Mzee wa Makadara: Vijana, msimsahau Maurice Odumbe. Kombe la Dunia 1996, pale Pune, India, yeye ndiye nahodha, West Indies wote nje kwa mbio 93, tukawashinda. Lara, mpigaji wao nyota, alitolewa na Rajab Ali, mpira ukamwangukia mlinda wiketi Tariq Iqbal, yule anayedaka nyuma ya mpigaji, akauvuruga, kisha ukakaa mikononi.

Tudor: Mzee wangu, heshima yako, lakini Odumbe alifungiwa kucheza miaka mitano mwaka 2004. Timu ilibaki mikononi mwa nani?

Mzee wa Makadara: Hilo sikubishii. Siku ile ya Pune haifutiki.

Mama Wawili: Jamani, mwanangu ana miaka tisa, tangu Jumapili anapiga ukuta kwa ubao wa sanduku. Nimwanzishe vipi?

Tononoka: Mpira wa tenisi, uzungushie selotepu upande mmoja, acheze uchochoroni.

Mzee wa Makadara: La, mpe wa ngozi mapema. Akizoea laini ataogopa.

Likoni Kwetu: Ngozi na miaka tisa? Mama, ficha vioo kwanza.

Tononoka: Mlete Mombasa Sports Club jioni, akae aangalie wakubwa wakifanya mazoezi. Ubao wake aje nao.