Msaada: maneno ya Kiingereza ya uchaguzi yanayowachanganya wanafunzi

mwl_kidato2: Wakuu, habari za jioni. Naandaa somo la Kiingereza la kidato cha pili kuhusu kupiga kura na kuchagua viongozi. Orodha ya maneno ninayo, shida ni matumizi. Wanafunzi wanaandika "I voted him", kila "kuteua" wanaifanya "appoint", na "kura ya maoni" inawashinda kabisa. Nianzie wapi?

kalamu_ya_mkalimani: Anza na kitenzi, mwalimu. "I voted him" inatoka kwenye Kiswahili chenyewe. "Nilimpigia" ina kiambishi -i- cha kutendea, na kazi hiyo Kiingereza inafanywa na "for". Andika ubaoni piga/pigia, kando yake vote/vote for, watauona mwanya. Kisha "vote against" kwa kupinga, "vote on" kwa jambo linaloamuliwa. "Elect" haitaki "for": "They elected her chairperson", na cheo hakitanguliwi na "the".

Kwenye kuteua, waulize kama bado kuna kura mbele. Chama kikimteua mtu agombee ubunge ni "nominate", kura zinamsubiri. Rais akimteua mkuu wa mkoa ni "appoint", anaingia ofisini bila kura. Mtego uko kwenye "rais mteule": ni "president-elect", aliyekwisha kuchaguliwa ila hajaapishwa. Neno "elect" hapo linakaa nyuma, na kistari lazima.

dawati_la_habari: Kura ya maoni ipe kipindi kizima, maana ni vitu vitatu. Zanzibar tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliamua kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa: hiyo ni "referendum". Kenya walipopigia katiba kura tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, ni "referendum" vilevile. Wanachama wakiwapigia kura watia nia ndani ya chama ni "primaries", ambayo Wakenya huiita mchujo. Watafiti wakihoji watu 1,500 kwa simu ni "opinion poll", na hakuna anayepata wala kukosa cheo kwa hiyo. Mwanafunzi ajiulize nani anapiga na matokeo yanamfunga nani, atapata neno. Magazeti yetu yenyewe hukosea hapa, kwa hiyo usiwalaumu watoto.

mwl_kidato2: Asanteni sana. Na "majority"? Na tofauti ya "ballot" na "vote", pamoja na kura zilizoharibika?

karatasi_na_sanduku: "Majority" ifundishe kwa hesabu. Kura halali 1,000: A 420, B 330, C 250. A ana "plurality", amemzidi kila mmoja. Hana "absolute majority", kwa kuwa hajafika 501. Mwingereza atasema pia ameshinda "by a majority of 90", yaani tofauti yake na wa pili, na hapo ndipo wengi wanapotafsiri vibaya. Kwa Katiba ya Tanzania 420 zinatosha kupata urais. Kenya hazitoshi: inatakiwa zaidi ya nusu ya kura, na angalau 25% katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24. Asipofikisha, wanakwenda "run-off", duru ya pili.

"Ballot" ni karatasi, "vote" ni uamuzi ulio juu yake. Kuhusu kuharibika, kanuni za Kenya zinatenganisha vizuri. "Spoilt" ni karatasi ambayo mpiga kura ameikosea akairudisha kwa msimamizi wa kituo, "presiding officer", apewe nyingine, sandukuni haikuingia. "Rejected" imeingia, ikakataliwa wakati wa kuhesabu. Tofauti hii ina uzito: mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kura zilizokataliwa zisihesabiwe katika kutafuta asilimia za wagombea urais.

kalamu_ya_mkalimani: Naongeza moja. "Kupiga kura" si "vote" kila mara. Watu wakigawana viwanja kwa vikaratasi vilivyokunjwa, ni "draw lots". Mathiya wa Matendo ya Mitume alipatikana kwa kura ya namna hiyo; mwanafunzi akiandika "they voted for Matthias", msahihishe: "they cast lots".