Msaada: tasnifu ya MA Historia, tanbihi au mabano?

Nimekwama_Kusini: Wakuu, heshima kwenu. Nasoma MA ya Historia, kozi nimemaliza, imebaki tasnifu. Mada: Vibarua wa Mpango wa Karanga Nachingwea, 1947–1951, yaani ule mradi wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga Tanganyika. Swali dogo tu: marejeo niyaweke kwenye tanbihi chini ya ukurasa au kwenye mabano? Supavaiza kairudisha sura ya nne mara mbili, pembeni kaandika "vyanzo?" basi. Natakiwa kuwasilisha Septemba. Usingizi sina.

Karani wa Boma: Tanbihi. Jalada moja lina barua mia mbili, utaliingizaje kwenye mabano? Andika nani kamwandikia nani, tarehe, kisha TNA (Nyaraka za Taifa), namba ya jalada, na ile namba ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu juu kwenye kona. Mara ya pili unafupisha. Ila mwongozo wa idara yako ndio wa mwisho. Ukichanganya mifumo miwili unarudishiwa kwa hilo tu. Lakini "vyanzo?" sio swali la mabano, mdogo wangu. Umetumia vyanzo gani?

Kibuyu Kikavu: Karanga zenyewe ziliota au bado mnazisubiri? 😂

Shangazi Kidawa: Kwa mnaofikiria kuomba: GPA isipungue 2.7 kati ya 5, na vyuo vingine vinataka zaidi. Andiko la utafiti liseme tatizo, mahali, kipindi, na vyanzo viko wapi. Hicho cha mwisho ndicho mnachoruka, halafu mnakuja kulia huku. "Ukoloni Tanganyika" sio mada, ni kabati la vitabu. Na barua za walimu waliokufundisha ziombwe mapema, sio siku ya dirisha kufungwa.

Nimekwama_Kusini: Asanteni. Vyanzo ni mahojiano. Wazee 22 waliofanya kazi kwenye mpango wenyewe. Nyaraka za Taifa pale Upanga sijafika.

Mtunza Majalada: Hapo ndipo sura yako inapochechemea. Upanga nenda na barua ya chuo na kitambulisho. Omba orodha kwanza, utafute majalada ya Sekretarieti, ya Jimbo la Kusini na ya wilaya. Ingia na penseli, wino uache nje. Kabla ya kusoma mstari wa kwanza, andika namba ya jalada juu ya kila ukurasa wa daftari lako. Ukiruhusiwa kupiga picha, ya kwanza iwe ya gamba la jalada, maana picha 400 zisizo na gamba ni takataka 400. Jalada likikosekana usisuse: barua za Lindi zilikuwa na nakala Dar, tafuta upande wa pili.

Kwa Waingereza, majalada ya Tanganyika ya Wizara yao ya Makoloni yana alama CO 691, yako kwenye hifadhi yao ya nyaraka Kew, London. Mijadala ya Bunge lao inasomeka bure mtandaoni. Anza na waziri wa chakula, Strachey. Na waraka wa serikali yao wa Februari 1947 uliotangaza mpango, namba Cmd. 7030, usiuruke: humo ndimo zilimo ekari 3,210,000 za ndotoni. Mpango unafutwa Januari 1951, pauni kama milioni 36 zimeteketea. Usome pia mgomo wa 1947, ulioanzia bandarini Dar ukapanda na reli mpaka Kongwa, kwenye mashamba mengine ya mpango huohuo. Linganisha vibarua wa Kongwa na wa Nachingwea, utapata hoja.

Hesabu Haidanganyi: Ngojeni kwanza. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1948 alizaliwa 1930. Wazee 22 wa rika hilo, wote hai, wote wana kumbukumbu, wilaya moja? Hii chai, tena haina sukari.

Kibuyu Kikavu: Timu mbili za mpira, wazee kwa wazee.

Nimekwama_Kusini: Sio chai! Wengine ni watoto wa waliofanya kazi. Niliona ni kitu kimoja.

Hesabu Haidanganyi: Waliofanya kazi wenyewe ni wangapi?

Nimekwama_Kusini: Wawili. Mmoja alikuwa mtoto, akichota maji kambini.

Karani wa Boma: Kibali cha utafiti unacho?

Nimekwama_Kusini: Nilipanga kukiomba baadaye. Mahojiano alifanya binamu yangu yuko kulekule, nikamtumia maswali WhatsApp na hela ya mafuta. Kazi imeshafanyika, wazee wameshasema, nirudie nini? Mwaka wa ziada ni ada nyingine.

Karani wa Boma: Kibali hakirudi nyuma. Barua inatoka chuoni, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Tarehe ya mahojiano ikitangulia ya barua, mtahini anaiona kwenye orodha ya wahojiwa, maana pale unaandika jina, umri, mahali na siku.

Mtunza Majalada: Watoto wa vibarua usiwatupe. Badili kichwa kiwe kumbukumbu za mpango, na kila maelezo useme: huyu aliona, huyu alisimuliwa. Nenda mwenyewe, uhoji wachache vizuri. Na mzee akisema "kambi", muulize kambi ipi, kwa sababu baadaye Nachingwea ilikuwa na kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Usipouliza, sura yako ya 1948 itajaa mambo ya miaka ya sitini. Reli ya Nachingwea nayo hivyohivyo: aliyeiona inajengwa sio aliyeiona inang'olewa.

Shangazi Kidawa: Septemba uisahau. Vyuo vingi vinataka taarifa ya kusudio la kuwasilisha miezi 3 kabla.

Nimekwama_Kusini: Supavaiza mwenyewe aliipenda mada. Nikibadili kichwa si naanza upya?

Hesabu Haidanganyi: Rekodi za sauti unazo?

Nimekwama_Kusini: Sita. Nyingine alinitumia maandishi.

Hesabu Haidanganyi: Umezisikiliza mpaka mwisho?

Nimekwama_Kusini: Nimesikiliza tatu sasa hivi. Majina matatu, sauti moja. Ni ya mjomba, baba yake binamu. Kazaliwa 1958.

Kibuyu Kikavu: Kumbe mpishi wa chai yuko Nachingwea 😂😂

Karani wa Boma: Usifute kitu. Kesho asubuhi mpelekee supavaiza rekodi zote sita pamoja na maandishi, umweleze mwenyewe kabla hajaukuta uzi huu.

Nimekwama_Kusini: Na tanbihi je?

Shangazi Kidawa: Chini ya ukurasa, baba.