Jeshi la Myanmar lilikuwa na madaraka tayari, kwa nini lilipindua?

Swali:
Ndugu zangu, jambo hili linanitatiza. Katiba ya Myanmar ya mwaka 2008 iliandikwa chini ya usimamizi wa wanajeshi wenyewe: walijitengea robo ya viti vya bunge pamoja na wizara za ulinzi, mambo ya ndani na mipaka, na kwa kuwa vifungu vikuu havibadiliki bila zaidi ya asilimia 75 ya kura, hakuna aliyeweza kuvigusa bila ridhaa yao. Iweje basi wamkamate Aung San Suu Kyi, kiongozi wa serikali ya kiraia, tarehe 1 Februari 2021, siku ileile ambayo bunge jipya lilipaswa kukutana?

Jibu la kwanza:
Umepima nguvu za jeshi, ukamsahau mkuu wake. Jenerali Min Aung Hlaing alikuwa akikaribia miaka 65, umri wa kustaafu, ambao angeutimiza Julai 2021. Akitaka kubaki juu ilimpasa awe rais, na rais huchaguliwa na bunge lenye viti 664. Jeshi lilikuwa na viti 166 bila kupigiwa kura, kwa hiyo chama rafiki, USDP, kingehitaji kama 167 ili wavuke nusu. Katika uchaguzi wa Novemba 2020 kilipata 33, na NLD, chama cha Suu Kyi, ikapata 396. Mlango ulifungwa hapo.

Jibu la pili:
Nakubali, ila umri peke yake hautoshi. Kura ya turufu, yaani ile robo ya viti inayozuia katiba isibadilishwe, huzuia tu, haimpi mtu uwezo wa kutawala. Mapema mwaka 2020 NLD ilipeleka bungeni pendekezo la kupunguza viti vya jeshi hatua kwa hatua. Lilikwama, lakini majenerali waliona nchi inakoelekea. Sudan ilikuwa vivyo hivyo: mkuu wa jeshi, Burhan, alimkamata Waziri Mkuu Hamdok tarehe 25 Oktoba 2021, wakati muda wa kuwakabidhi raia uenyekiti wa Baraza la Utawala, lililoongoza nchi kwa pamoja kati ya wanajeshi na raia, ukikaribia, na huku raia wakidai kampuni za jeshi ziwekwe chini ya wizara ya fedha. Mwenye mali isiyokaguliwa huogopa mkaguzi kuliko adui wa vitani.

Muulizaji:
Nashukuru sana, hesabu ya viti imenifungua macho. Kinachoniuma ni kwamba wananchi hawakuhesabiwa popote. Usiku wa pili tu, watu wa Yangon walisimama madirishani wakigonga masufuria, kama wafanyavyo wanapofukuza pepo wabaya, na siku hizohizo madaktari wakaanza kugoma.