Mjadala: Watoto wawili, gari la viti saba. Ni hitaji la familia au ni mzigo kwa wengine?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Mtu mwenye mtoto mmoja au wawili akisema anatafuta gari, ushauri unaomfikia kwanza ni uleule: chukua kubwa, familia inakua. Akishalinunua, anakutana na kundi la pili linalomuuliza hivyo viti vitupu anambebea nani.

Ugomvi huu umeshatoka sebuleni ukaingia kwenye sheria. Februari 2024 Paris ilipiga kura, na asilimia 54.5 ya waliojitokeza wakakubali magari mazito ya wasio wakazi yatozwe ada ya maegesho mara tatu ya kawaida. Mpaka uliwekwa tani 1.6 kwa magari ya mafuta na ya mseto (mafuta na umeme pamoja), tani 2 kwa ya umeme. Ufaransa hiyohiyo inatoza kodi ya uzito kwa magari mapya tangu 2022, ila familia yenye watoto watatu au zaidi inapunguziwa kilo 200 katika hesabu kwa kila mtoto. Kwa maneno mengine, wa watoto watatu amehesabiwa kuwa ana sababu ya kuendesha gari zito, wa wawili hana.

Mimi sikubaliani na mstari uliopigwa hapo, na sikubaliani pia na wanaosema chukua kubwa tu. Naona pande zote mbili zinapima kisichopaswa kupimwa. Mzazi anahitaji nafasi ya ndani: upana wa kiti cha nyuma, urefu wa kukunja magoti, buti linalomeza kigari cha mtoto bila kukivunja vipande. Barabara inaumia kwa ukubwa wa nje: uzito na boneti iliyoinuka. Hivi vitu viwili havitembei pamoja. Kuna gari refu la juu linalotisha kwa mbele, lakini kiti chake cha nyuma ni chembamba kuliko cha stesheni wagoni, lile gari la chini lenye buti refu. Mzazi anaingia dukani akitafuta cha kwanza, anatoka na cha pili.

Kwanza niwatetee wenye watoto wachache, maana wanaonewa. Kiti cha mtoto hakikai kama anavyokaa mtu. Kile cha mtoto mchanga kinatazama nyuma, na kanuni ya Umoja wa Mataifa ya R129, iliyoanza 2013, inataka mtoto aendelee kutazama nyuma mpaka apitishe miezi 15. Uswidi wengi hufikisha hadi miaka minne hivi. Sababu ni shingo: kichwa cha mtoto ni kizito mno kwa mwili wake, na gari likigonga kwa mbele, kiti kinachotazama nyuma kinapokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Sasa kifunge kiti hicho kwenye gari dogo uone. Mgongo wake unalala kuelekea mbele, kiti cha abiria kinasogezwa mpaka magoti ya mama yanagusa dashibodi. Funga na cha pili upande wa dereva, dereva mrefu hapati pa kuweka miguu. Katikati panabaki upenyo ambao mtu mzima anakaa kwa kalio moja, na mara nyingi hata tundu la kuchomeka mkanda limefunikwa.

Kwa hiyo gari la viti vitano lenye viti viwili vya watoto ni gari la watu wanne. Bibi akija, hana pa kukaa. Anayehesabu vichwa vya watoto peke yake hajawahi kuhangaika na mkanda huo wa katikati.

Lakini jibu la hilo ni upana. Kwa nini basi wengi tunaishia kwenye urefu wa kwenda juu? Karibuni tujadili. Matusi hapana.

Mama Mapacha

Asante mtoa mada, umenisemea. Mimi nina wawili tu, wamezaliwa siku moja. Wanaosema wawili ni wachache waje wafunge viti viwili kwenye maegesho yaliyobana, mlango unafunguka robo, mtoto mmoja mkononi analia, mwingine yuko chini anavuta sketi.

Kilichonisaidia mimi ni milango ya pembeni inayosukumwa kurudi nyuma. Mlango haugongi gari la jirani, na wewe unasimama karibu kabisa na kiti, unafunga mkanda bila kukunja sana mgongo. Gari langu lina viti saba lakini sikulinunua kwa ajili ya viti saba. Safu ya tatu imelala muda wote, na hapo ndipo kigari cha mapacha kinapoingia kizimakizima. Mtu akipita akahesabu viti vitupu atasema najionyesha. Hajui kwamba kwangu hivyo viti ndiyo buti.

Mtembea kwa Miguu

Dada Mama Mapacha, wewe sina ugomvi nawe, gari la aina yako pua yake ni fupi na imeinama. Ugomvi wangu ni na yale ya boneti inayonifika kifuani.

Taasisi ya Marekani ya IIHS, inayofadhiliwa na kampuni za bima, ilichambua karibu ajali 18,000 za watembea kwa miguu na kutoa matokeo mwaka 2023. Magari ambayo boneti yake inazidi mita moja hivi kutoka chini yalikuwa na uwezekano wa kuua ulio juu kwa karibu asilimia 45, ukilinganisha na yale yenye pua ya chini, isiyozidi sentimita 76, na iliyoinama. Sababu haihitaji shahada. Gari la chini linakugonga miguuni, unaangukia boneti. La juu linakugonga kifua au kiuno, linakusukuma chini, kisha linakuja na magurudumu. Hapo nasema mtu mzima. Mtoto wa miaka mitano linampata kichwani.

Na dereva hamuoni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Watu wananunua magari haya kwa kuwapenda watoto wao, halafu mtoto wa jirani akisimama mbele ya boneti hilo hayupo machoni pa dereva. Nyuma ni vilevile. Marekani ililazimisha kamera ya nyuma kwa magari yote mapya ya chini ya tani 4.5 hivi kuanzia Mei 2018, baada ya watoto wengi kukanyagwa kwenye nyua za nyumba zao wenyewe, na mara nyingi aliyekuwa anapiga rivasi ni mzazi au ndugu. Mbele hakuna sharti kama hilo.

Kwa hiyo mimi naunga mkono ada. Kama unachukua nafasi zaidi na unaongeza hatari kwa wengine, lipa. Idadi ya watoto wako hainihusu.

Baba wa Mmoja

Mkuu Mtembea, nakuheshimu, ila nadhani mnaongea kama mtoto ndiye abiria pekee. Mimi nina mmoja. Nyumbani yupo mama yangu ambaye magoti hayakunjiki tena, gari la chini kwake ni adhabu, kuingia anaingia lakini kutoka mpaka avutwe. Watoto wa dada yangu tunawachukua shuleni pamoja na wetu. Msiba ukitokea, harusi, mgonjwa wa kukimbiza hospitali, simu inapigwa kwa mwenye gari. Utawaambia nini, kwamba kisheria mimi ni baba wa mtoto mmoja?

Halafu tuseme ukweli kuhusu usalama. Lori na mabasi sisi ndio tunaoshindana nayo barabarani. Nikigongana na gari lingine, uzito unanilinda. Mzazi gani atachagua wepesi kwa ajili ya mtu asiyemjua?

Fundi wa Springi

Ngoja niingie hapo kwenye uzito, ndiyo kazi yangu.

Kweli, gari zito likigongana na jepesi, wa jepesi ndiye anayeumia zaidi. Lakini faida hiyo inaonekana hasa kwa anayetoka kwenye kigari chepesi sana kuja kwenye gari la wastani. Ukishavuka wastani, unachojiongezea wewe ni kidogo, unachomwongezea mwenzako ni kingi. Mbele ya lori la tani kumi na kitu, kilo mia nne ulizoongeza hazikusaidii. Ukigonga mti au ukuta, uzito wako wote unakurudia mwenyewe. Kinachookoa watu humo ndani ni bodi iliyotengenezwa kujikunja inavyotakiwa, mikanda, mifuko ya hewa, breki nzima na tairi ambazo hazijaisha. Naletewa magari makubwa ya familia yenye tairi vipara kwa sababu saizi ile ni ghali na mwenyewe anasubiri mwisho wa mwezi. Huyo angekuwa salama zaidi kwenye gari dogo lenye tairi mpya.

Sasa upande wa pili, na hapa namuunga mkono Baba wa Mmoja. Nimeona pia gari dogo la watu watano limepakia wanane, springi zimekaa, watoto wawili wamepakatwa mbele. Mtoto wa kilo kumi mapajani, gari likigonga kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, anavuta kwa nguvu ya mamia ya kilo. Hakuna mkono wa binadamu unaomshika. Anayejua kwamba kila wiki anabeba watu sita, huyo achukue lenye viti saba hata kama hajazaa kabisa. Kila mtu na mkanda wake.

Mtoa mada

Fundi, hapo kwenye kupakata umegusa jambo ambalo sheria ya kuhesabu watoto haiwezi kuliona. Baba wa mtoto mmoja anayebeba sita kila wiki ana hitaji kubwa kuliko baba wa watatu ambao wakubwa wawili wako bweni. Ndiyo maana naona Paris walikuwa karibu zaidi na ukweli walipopima gari, si familia. Ila wangepima na kimo cha boneti. Uzito peke yake unamwonea mwenye gari pana la chini na kumwachia mwenye gari fupi lenye pua ya ukuta.

Kwa Baba wa Mmoja: hoja ya bibi naikubali moja kwa moja. Magoti mabovu yanataka kiti kilicho usawa wa nyonga, asishuke kukifikia wala asipande. Kwa bahati nzuri kimo hicho kinapatikana kwenye minivani ya sakafu ya chini, gari la aina ya Mama Mapacha, bila boneti ya kifuani. Pale kwenye "mtu asiyemjua" ndipo tunapoachana. Mtu huyo asubuhi anatembea kwenda shule na begi mgongoni, na mtoto wako akishuka kwenye gari lako anakuwa yeye.

Baba wa Mmoja

Sawa, hilo la mwisho limeniingia. Basi nielekezeni. Nimeona gari moja la viti saba, la juu kiasi, muuzaji anasema safu ya tatu ni ya watu wazima. Nitajuaje?

Fundi wa Springi

Usimsikilize, kaa mwenyewe. Panda safu ya tatu, funga mlango wa nyuma, halafu angalia nyuma ya kichwa chako pana umbali gani mpaka kioo. Kwenye mengi ni pungufu ya kiganja. Angalia kama mifuko ya hewa ya pazia, ile inayoshuka pembeni ya kichwa, inafika mpaka huko, kitabu cha gari kinaeleza. Tafuta nanga za ISOFIX, zile pete za chuma za kufungia kiti cha mtoto. Magari mengi hayana kwenye safu ya tatu.

Kisha viti vyote saba vikiwa wima, jaribu kuweka masanduku mawili. Hapa ndipo wengi hukwama. Gari lililonunuliwa kubeba watu saba na mizigo yao linabeba watu saba peke yao, ama mizigo na watu watano.

Mama Mapacha

Na uende na kiti chako cha mtoto. Usikubali kuambiwa "kinaingia". Kifunge, mama yako akae pembeni yake, achomeke mkanda mwenyewe. Akishindwa, upana hautoshi, hata gari liwe refu kama basi.

Mtembea kwa Miguu

Ongeza na hili, mkuu. Kaa kwenye usukani, mwambie mtu asimamishe boksi lenye kimo cha mtoto wako mbele ya boneti, alisogeze taratibu kuja kwako. Pale linapopotea machoni, shuka upime kwa hatua. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye ile minivani aliyoisema mtoa mada, urudi hapa utuambie tofauti.

Baba wa Mmoja

Jumamosi naenda na mama, kiti na boksi. Nitaleta majibu ya magari yote mawili.

Mtoa mada

Tunakusubiri. Wengine ambao hamjachangia, hasa wenye magari ya umeme: betri inaongeza uzito lakini boneti inaweza kubaki chini. Mpaka wa tani 2 wa Paris mnauonaje, unawatendea haki au unawapendelea?